Kuona Kama Sijaona

Jumatatu, 2 Oktoba 2000

Khaled amesimama tena! Ameshika kigoda, magoti yanamtetemeka kama mzee. Hajaachia. Miezi kumi na moja tu.

Barua ya Hamimu imefika kutoka Kigoma, imeletwa na mtu wa boti. Anasema kazi ya injini imekwisha, atafika Jumamosi, inshallah. Nimwambie mtoto asitembee kabla baba hajafika. Mume wangu na mizaha yake. Nimecheka, kisha nimelia. Nimeapa: hatua ya kwanza ya mwanangu nitaiona mimi, kwa macho haya mawili, hata maharage yakiungua.

Sasa aibu. Daftari hili Hamimu alininunulia niandike mambo ya mtoto. Meno, homa, vicheko. Mi nataka kuandika mambo ya Kataa.

Kataa ni kamtu ka mchezo. Kanakaa ndani ya televisheni ya shemeji Seifu, kaka yake Hamimu, fundi wa redio. Mashine ya mchezo iliachwa na mteja aliyekimbilia Uvira, hajarudi. Maandishi ya mchezo ni ya mbali huko, hakuna anayeyasoma hapa Buyenzi, basi jina tulikapa sisi. Ka-taa, kwa sababu kanabeba taa. Tena kakifika kwenye maji, hata ubonyeze mpaka kidole kiumie, kanakataa kuruka! Kanapita milango saba kwenda kwao.

Mara ya kwanza nilipofungua mlango wa tatu, vitu vyeupe vilianza kuanguka kila mahali. Nikapiga yowe kwamba nimeharibu televisheni ya watu. Kumbe theluji! Na nyuma ya mlango wa saba mama yake ameketi. Anamwona. Anasimama. Basi, hakuna kingine. Nililia mpaka Seifu akanipa kitambaa chake cha kazi, nikarudi nyumbani na uso wa grisi.

Mara ya pili nilifurahi. Ya tatu nilikuwa nawaza chumvi. Leo vidole vinajua njia yote, moyo umelala. Na leo hii wifi yangu Soumaya, anayekaa kwa Seifu, ameanza kuucheza. Anacheka, anajipiga mapaja, nimemsikia tangu njiani. Wivu, mama yangu! Aliponiona mlangoni akanionea huruma ya uongo. Akasema, pole, Sijaona, we umeshaona.

Ndiyo, Sijaona ni jina langu. Nataka nilistahili tena. Nimepata mpango: nitasahau.

Jumanne, 3 Oktoba

Kwenye chuo cha Kurani, Maalim Mohamadi alitufundisha vitu vinavyoharibu kumbukumbu. Kula alichotafuna panya. Kusoma maandishi ya makaburi. Tufaha chungu. Tufaha sijawahi kuliona, chungu wala tamu, kwa hiyo nikaanza na panya.

Nikaweka kipande cha mkate nyuma ya pipa. Nikakaa na Khaled mgongoni, kimya. Panya wa nyumba hii kila siku wanakula hata sabuni. Leo, heshima tupu! Jirani yangu Consolée akaingia kuomba makaa. Consolée ni Mkongo, anauza ndagala, visamaki vya ziwani, sauti yake inafika Uvira bila boti. Akauliza nachunga nini pale. Nikasema panya. Akashika ufagio anisaidie. Nikamwambia apana, mwache ale kwanza. Akauweka ufagio chini. Akasema ataniombea kanisani.

Saa saba mkate ukawa na alama za meno. Nikafumba macho, nikala pembeni pembeni.

Kisha nikakumbuka nanyonyesha! Na kama usahaulifu unapita kwenye maziwa? Kama Khaled amesahau kusimama? Nikamsimamisha kwenye kigoda mara kumi. Mara ya kumi akanipiga kofi. Hajasahau kitu.

Mi pia sijasahau kitu. Mlango wa nne: popo watatu, kushoto. Tumbo linaniuma tangu alasiri. Nilichosahau ni chumvi ya maharage, na hiyo huwa nasahau bila panya.

Jumatano, 4 Oktoba

Makaburini. Khaled mgongoni.

Mi nasoma polepole, shule niliachia darasa la tano, kwa hiyo nilidhani nitasahau vizuri zaidi. Makaburi yetu mengi hayana maandishi. Nikatafuta yenye kibao. Nikasoma kwa kidole, herufi kwa herufi. Majina kumi na moja. Saba ni ya waliokufa mwaka mmoja. Mmoja tulisoma wote chuoni, alikuwa ananiibia wino. Nikasimama pale. Nilikuja kusahau mchezo na sasa nakumbuka hata sauti yake akicheka.

Maalim Mohamadi akatokea nyuma yangu na udi mkononi. Akaniona na machozi, na mtoto, mbele ya kaburi la mwanafunzi wake. Akadhani nimekuja kuwaombea maiti! Akasema vijana wa leo hawakumbuki, ila binti huyu anakumbuka. Akaita wanaume wawili waliokuwa wanachimba, wanitazame. Mfano, akasema. Natamani lile shimo lao lingenipokea mimi.

Akauliza kama nina shida yoyote. Nikababaika. Nikasema ni kichwa, Maalim, mambo ya kusahau. Sikudanganya, ila sikumaliza sentensi. Akasema masikini, ni majonzi. Akanipeleka kwake, akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaiosha kwa maji, akanipa kombe ninywe. Kombe la kukumbuka! Wanafunzi wanalinywa kabla ya mtihani. Ningekataaje? Nikasema bismillahi, nikanywa mpaka tone la mwisho. Akanishika kichwa akaniombea kwa sauti ya upole, na mi nikainama kwa haya.

Sasa nakumbuka mawe ya mlango wa tano. Ni arobaini na mbili. Zamani sikuwa nimeyahesabu.

Alhamisi, 5 Oktoba

Mpango mpya, halali kabisa. Kama macho yangu yamezeeka, nitaazima ya Soumaya. Nitakaa pembeni, nimtazame usoni wakati theluji inaanguka. Furaha yake itaniruka kidogo na mimi.

Asubuhi Khaled aliachia kigoda! Akabaki amesimama bila kushika kitu, nikahesabu moja, mbili, akaketi. Karibu sana. Nikasema leo sitoki. Kisha nikasikia Soumaya yuko mlango wa pili. Nikamweka Khaled kwa Consolée, dakika kumi tu. Consolée akasema dakika zako, mama Khaled, zina watoto na wajukuu.

Nilimwapia Soumaya sitafungua mdomo. Akaniamini, ndilo linaloniuma. Kataa kakafika mlango wa tatu. Soumaya akainama mbele, ulimi nje. Macho yake! Kama mtu anayefungua barua. Na mdomo wangu, Mungu ni shahidi, uliondoka peke yake. Nikasema: usiogope, haijaharibika, ni theluji.

Mlango ukafunguka. Vyeupe vikaanguka. Soumaya hakupiga yowe.  Akaweka chini kile cha kubonyezea, taratibu, akanigeukia. Akaniuliza nani alinipa jina langu, maana alikosea, ningeitwa Nimeona-na-Nitasema. Akasema kaka yake alioa redio isiyozimika. Akasema ningemwambia tu siku atakayokufa, tumalize. Seifu hakuinua kichwa kwenye kazi yake, lakini mabega yalikuwa yanacheka.

Nikacheka na mimi. Halafu nikaona macho ya Soumaya yamelowa. Wifi yangu, mwenye shule na Kifaransa chake, analia kwa theluji! Alikuwa nayo mara moja tu, kama mimi. Nimeitumia. Siwezi kuirudisha dukani.

Nilipita nyuma ya nyumba nisionekane na watu.

Ijumaa, 6 Oktoba

Nimepika sambusa ishirini. Nimezipeleka kwa Soumaya na kichwa chini. Nikasema nimekosa, wifi. Akala nne kabla ya kujibu. Akasema bon, mlango wa saba naweza kuutazama, kwa sharti moja: sambusa nzima mdomoni, nisiitafune mpaka yeye aseme.

Khaled? Kwa Consolée. Alikuwa ametoka kunyonya, macho mazito, angelala tu. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Nikakaa na sambusa mdomoni kama mbuzi aliyekamatwa. Mlango wa sita, umeme ukakatika! Tukangoja. Huko milimani mizinga ya vita ikaanza kupiga, bum, bum, mbali, Seifu akasema ni upande wa juu, si kwetu. Sambusa ikaanza kuyeyuka. Umeme ukarudi. Kataa kakainua taa. Mlango wa saba. Mama ameketi. Anamwona. Anasimama.

Soumaya akashika mkono wangu. Hakutazama ni mkono wa nani. Akalia, na mi nikalia na sambusa yangu, na moyo ukaamka! Si kama mara ya kwanza. Jirani wa mara ya kwanza.

Ndipo sauti ya Consolée. Kutoka njiani, mtaa mzima unasikia. Mutoto ametembea! Mama Khaled, mutoto ametembea! Hatua tatu, kutoka kigoda mpaka beseni la ndagala, akashika samaki mmoja akacheka!

Nilikimbia bila kiatu kimoja. Khaled alikuwa ameketi, ndagala mkononi, magamba mashavuni. Akanitazama kama mtu aliyekwisha fika. Nikamsimamisha. Akaketi. Nikamwomba. Akaketi.

Sijaona. Mama yangu alijua anachofanya aliponipa jina hili. Yule mama wa kwenye televisheni nimemwona akisimama mara tano. Mwanangu mmoja wa kweli, hata mara moja.

Nimemwomba Consolée asimwambie Hamimu. Akasema yeye hasemi. Consolée! Hasemi!

Jumamosi, 7 Oktoba

Mpango: hajatembea. Atatembea leo, mbele ya baba yake, mara ya kwanza. Nani atadhurika?

Tangu asubuhi nimemfunga Khaled mgongoni asije akajionyesha. Anapiga mateke kwenye figo. Mtaa wote unapita unauliza mtembeaji yuko wapi. Nawajibu anapumzika.

Hamimu akafika adhuhuri, mwembamba, ananuka dizeli na ziwa. Nilimkumbatia, mtoto bado mgongoni. Seifu na Soumaya wakaja kumpokea, Consolée akaleta kiti chake mwenyewe. Nikamsimamisha Khaled kwenye kigoda. Nikasema kwa sauti ya arusi: baba Khaled, karibia, leo huenda akajaribu, tangu azaliwe hajawahi! Hamimu akapiga magoti chini, akanyoosha mikono. Macho yake! Nilishayaona macho hayo Alhamisi.

Soumaya alikuwa na sambusa ya jana mdomoni, akaitafuna polepole, akameza. Akasema: usiogope, kaka. Ameshatembea jana. Hatua tatu, mpaka kwenye ndagala.

Consolée akatazama mawingu.

Hamimu hakunifokea. Angefoka ningeweza kujibu. Aliniuliza tu, taratibu, kama niliona. Nikasema apana. Akauliza nilikuwa wapi. Nikasema yote: mashine, panya, makaburi, kombe, sambusa. Kila neno lilikuwa bayana na la kijinga. Nikavuta kitenge nikajifunika uso wote, nikalia mle gizani kama maiti mwenye kelele.

Nikasikia Hamimu anavuta pumzi. Consolée anasema Yesu! Soumaya anapiga makofi. Nikafunua haraka.

Khaled alikuwa tayari kifuani kwa baba yake. Hatua sita, wanasema.

Hamimu akanitazama juu ya kichwa cha mtoto, akaanza kucheka, machozi yanamtoka. Akasema mke wangu, hii ni mara ya pili hujaona. Nikacheka na mimi. Ndani ya tumbo aibu haikucheka.

Jumapili, 8 Oktoba

Nimemaliza na mashine. Kabisa. Nimemwambia Hamimu, nimemwambia Soumaya, nimemwambia Consolée, kwa hiyo Bujumbura nzima inajua. Khaled sasa anatembea kutwa na mi nipo nyuma yake, macho wazi, sipepesi. Kinachofuata ni neno la kwanza. Hilo halinipiti. Nimeapa.

Ila nimefikiri jambo. Hamimu hajawahi kumwona Kataa. Hata mlango wa kwanza! Mtu mzima, hajui theluji, hajui popo, macho yake ni mapya kabisa. Ni dhambi kumwacha hivyo. Nitampeleka mpaka mlango wa tatu tu. Sitasema kitu. Labda nimdokeze tu kwamba mlangoni kuna baridi, asishtuke.

Khaled atabaki na Consolée. Asubuhi alinitazama akasema "ma". Mara mbili. Hamimu anadai ni neno. Mi nasema ni meno, "ma" hata mbuzi anasema. Neno lenyewe bado, labda kesho, labda keshokutwa.

Na leo kuna umeme.