Iendelee Kuita

Jumatatu, 3 Machi
Bi Mwenyekiti anastaafu Ijumaa. Kiti chake kitakuwa changu au cha Miwani, mhakiki mwenzangu, mtu anayesoma rasimu kama anatafuta chawa. Kamati yetu huandika kanuni za mashine kuitana kwenye mtandao. Mke wangu huwaambia watu natengeneza redio. Nimechoka kumsahihisha.

Mpango: nipachike kosa kwenye rasimu, Ijumaa niligundue mbele ya wote. Kifungu cha tisa kinasema mashine iulize "Upo?", na isipojibiwa mara tatu inyamaze. Nimefuta kikomo. Sasa iendelee kuita mpaka ijibiwe. Mtandao mzima utajaa kelele. Kosa zuri, linaonekana. Kikomo kilikuwa cha marehemu Mzee wa Dirishani, mkubwa wetu kazini. Alikipigania mpaka jasho likamtoka, ila sababu hakutuambia. Mungu amrehemu, hatapinga.

Jumanne, 4 Machi
Balaa. Fundi wa maabara kaichukua rasimu kuijaribu kwenye mashine. Eti ndiyo desturi, kanuni hujaribiwa kabla ya kupitishwa. Desturi mbovu. Nilimsihi angoje. Akasema zimeshaanza kuitana, zinakwenda vizuri, ila moja inaita anwani isiyo na mtu.

Nimeitazama anwani. Ni ya kompyuta ya marehemu. Niliifunga kwa nailoni mwenyewe, iko stoo, haina hata waya.

Jumatano, 5 Machi
Imejibiwa. Kwenye kioo cha kompyuta ya maabara: "Nipo." Fundi alisema ni hitilafu tu, lakini alisema akiwa ameshatoka mlangoni.

Nimekwenda stoo. Vumbi juu ya nailoni halijaguswa. Kwa ndani, nailoni ina unyevu, kama mfuniko wa sufuria. Nimeogopa, sifichi. Ningeweza kurudisha kikomo leo hii. Lakini nikikirudisha, Ijumaa nitagundua nini? Nimekiacha.

Alhamisi, 6 Machi
Sasa inayouliza ni ile ya stoo. "Upo?" imetokea kwa mhasibu, kisha kwa karani wa mapokezi, kisha chumbani kwa jirani yangu. Inakuja upande huu.

Miwani kaja mezani kwangu, uso umemshuka. Kasema kuna mtu kafuta kikomo. Kasema marehemu aliwahi kumnong'oneza kwamba zamani aliacha mashine iite bila kikomo, ikajibiwa na asiyepaswa kujibu. Kanisihi, nikiulizwa nisijibu kamwe. Kesho atalieleza jambo hili mbele ya kamati.

Kosa langu mwenyewe, nimelitolea jasho, analigundua yeye! Mwizi mkubwa.

Ijumaa, 7 Machi
Kura zililingana. Bi Mwenyekiti akaongeza ya kwake, Miwani akapewa kiti. Nilipiga makofi kwa vidole viwili. Kikomo kitarudi wakishatia sahihi. Mpaka hapo, wote tuzime kompyuta twende nyumbani. Miwani alinishika bega akanikumbusha tena nisijibu. Keshaanza kuniamrisha.

Wameondoka. Nimebaki kukusanya vitu vyangu. Kompyuta niliizima kwa mkono wangu huu, nayo imewaka yenyewe. "Upo?" Kisha tena. Kisha tena. Ubaridi umenipanda miguuni mpaka kiunoni. Mkoba nilikuwa nao begani, mlango uko wazi. Ningeondoka tu.

Halafu nikatulia, nikatumia akili. Nimeshindwa kwa kura moja. Marehemu hakufutwa kwenye orodha ya wajumbe, hakuna aliyekumbuka. Na hakupiga kura leo. Matokeo yanaweza kupingwa! Miwani hana habari.

Nimeandika: "Nipo, mzee wangu. Karibu tuzungumze."

Maandishi yamekoma mara moja. Nasikia nailoni ikiburutwa kwenye korido, polepole, mzee wa watu hana haraka. Nimemsogezea kiti.