Kimpira cha Mlima wa Kibabi

Jumanne, tarehe 7 Julai

Harusi ya Kétsia ni Jumamosi. Habari imetoka kwa mama yake mwenyewe, Victorine, mbele ya mizani yake ya maharagwe. Gari la kumpeleka bibi arusi kanisani bado halijachaguliwa. Wagombea ni wawili: mimi, na Katembo, muuza vipuri aliyetoka Butembo, mwenye gari jipya na meno mengi.

Sharti la Victorine ni moja. Gari lipande mlima wa Kibabi, hadi kanisani, bila kusukumwa. Aliposema kusukumwa, aliniangalia mimi.

Mpango wangu: nimfikishe binti, kisha jioni nimwombe mama tuoane. Ni mjane sasa. Mimi nilianza kumsubiri kabla hata hajaolewa. Siku za soko nilimpeleka sokoni Shasha kwa kamioneti ya baba, kigari cha mizigo. Ilikuwa ya kabureta. Asubuhi injini iliamka ikinuka esansi, yaani petroli, mitungi ya maziwa ikigongana nyuma. Yeye alikaa upande wa dirisha, uso nje, akitazama milima. Hakusema neno njia nzima. Utulivu ule sijauona tena kwa mtu.

Jumatano, tarehe 8

Gari langu limechoka kwenye kona ya pili ya mlima. Limesukumwa na wanakwaya niliowapakia. Aibu!

Nimekwenda kwa Katembo, maana ndiye pekee mwenye kipimo cha nguvu ya mafuta. Nikamwambia ninauliza kwa niaba ya binamu. Akafunga kipimo kwenye gari. Injini ikiwaka bila kukanyagwa, mshale ulisimama kwenye mbili na nusu. Kisha akachomoa kimpira chembamba kinachotoka kwenye njia ya hewa ya injini kwenda kwenye regileta, kile kikombe cha chuma kinachotawala nguvu ya mafuta. Mshale ukaruka hadi tatu.

Tatu! Kwa kuchomoa tu!

Katembo akaanza somo. Alidai kwamba gari likitulia, mlango wa hewa umefungwa, kwa hiyo injini inavuta kwa nguvu. Mvuto huo unapita kwenye kimpira, unainua kiwambo ndani ya regileta, mafuta ya ziada yanarudi tangini. Ukikanyaga hadi chini, mlango unafunguka, mvuto unakwisha, na mshale unapanda wenyewe.

“Ku mulima ile kampira haisaidiake kitu, Papa Théo. Ukiitosha ku injini, utapata tu moshi wakati gari imesimama. Badilisha filtre, iko imejaa matope.” Filtre, chujio la mafuta, anayo dukani. Bila shaka! Akaongeza nimsalimie binamu, kwa sababu gari lake linafanana sana na langu.

Mshindani hatoi ushauri bure. Anataka nibaki na mbili na nusu.

Alhamisi, tarehe 9

Kimpira kimetoka. Tundu la upande wa injini nimeliziba kwa skrubu ya kitanda changu. Kitanda kimelala upande.

Nimepanda mlima, gari likiwa tupu. Gia ileile ya kwanza, mwendo uleule wa mbuzi, lakini kwa heshima zaidi.

Juu nikasimama bila kuzima injini. Baada ya muda ikaja harufu. Esansi! Kamioneti ya baba nzima nzima: kiti kilichopasuka, koti lake la mvua, kikapu cha Victorine miguuni. Nilikaa humo hadi koo likawasha. Magari ya siku hizi hayanuki chochote. Ndiyo maana hayapendwi.

Ijumaa, tarehe 10

Victorine amenichagua mimi! Sababu, kwa maneno yake: gari la Katembo limekwenda mji wa Mubi na barabara ya msituni ni mbaya, huenda lisirudi kwa wakati. Ushindi ni ushindi.

Jumamosi, tarehe 11

Nilifika kwa bibi arusi mapema. Hapa kwetu gari la harusi halizimwi mlangoni, ndoa isije ikazimika. Nikaacha injini ikiwaka.

Shangazi yake, Nyiransengimana, akaegemea mlango wa gari. Hatoki mutoto, alisema, mpaka mfuko wa sukari wa mashangazi ufike. Upande wa bwana arusi walileta nusu mfuko. Mabishano. Wajumbe wakarudi walikotoka. Injini inaunguruma polepole. Moshi wa kijivu. Kisha mweusi.

“Papa Théo,” shangazi akapiga kelele, “uko nachoma makala ya jiko ao umekuya kubeba mutoto wetu?”

Sukari ilipotimia, Kétsia akatoka na nguo nyeupe. Upepo ulikuwa upande wake. Sasa ni nyeupe kuanzia magotini kwenda juu. Nikakanyaga ili tuondoke. Injini ikakohoa, ikafa. Buji, zile plagi za kuwashia mafuta, zote nyeusi kama sufuria ya msiba.

Hapo ndipo Katembo alipotokea kutoka Mubi, vumbi hadi kwenye nyusi. Alimchukua bibi arusi, akanipa pole. Hilo liliniuma kuliko kama angecheka.

Victorine alibaki kidogo, kitenge puani. Nikamwambia harufu hii ni ya zamani zetu. Akasema anaijua sana.

“Kila siku ya Shasha nilikuwa natapika ku dirisha, Théo. Weye ulikuwa naimba tu.”

Mimi nilidhani anatazama milima. Sikumuuliza lile nililokusudia.

Jumatatu, tarehe 13

Nimechunguza chanzo cha ajali. Matokeo: tatu haikutosha. Injini yenye nguvu kamili ingemaliza mafuta yake yote, isingebakiza moshi. Nimeubana kwa waya mpira unaorudisha mafuta tangini. Kipimo cha Katembo, ambacho hajui kwamba ninacho, kinasoma nne na nusu.

Nne na nusu!

Victorine anakwenda kumwona dada yake Mubi. Katembo amejitolea kumpeleka. Mimi pia. Amesema atapanda gari litakalotangulia kufika kwake. Safari ni Jumamosi, tarehe 18, saa tatu asubuhi. Nitakuwa mlangoni tangu saa kumi na mbili, injini ikiwaka.