Wakala Ndani ya Koti la Mteja

Jumatatu, 3 Juni

Nimeamua! Kuanzia leo mimi si fundi cherehani tena. Mimi ni wakala wa wachezaji wa mpira. Imebaki leseni tu.

Mchezaji ninaye tayari. Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ni beki. Mtaa mzima unamwita Breki kwa sababu washambuliaji wakifika kwake safari huwa imeishia hapo. Mkataba wake unaisha mwisho wa mwezi huu na timu kubwa inamtaka. Bila wakala mwenye leseni atasainishwa chochote kile, maana Breki mwenyewe husoma mstari wa kwanza na wa mwisho tu. Basi jana, mbele ya mama mkwe, mdomo umejaa, nikatangaza kwamba nitamsimamia mimi.

Mama mkwe akaweka kijiko chini. Akauliza kama uwakala huu ni kama wale kuku wa mayai niliomletea mwaka jana. (Wote walikuwa majogoo. Kosa la muuzaji.) Akasema safari hii ni maisha ya mwanawe, si kuku. Nikishindwa, nisithubutu kumwita mama tena.

Nikasema sitashindwa.

Nimejisajili leo kwa simu. Fomu ndefu kama foleni ya hospitali. Wameuliza kama nimewahi kufungwa. Hapana. Kama ninamiliki sehemu ya timu yoyote. Hapana, ila nia ipo. Mtihani ni Jumamosi, pale chuo cha mjini. Kulikuwa na ukurasa wa maelekezo kwa watahiniwa, nimeuruka. Maelekezo ni ya watu wasiojiamini.

Habari mbaya: Kinyozi wa ng'ambo ya barabara naye kajisajili! Huyu ana picha za wachezaji kuzunguka kioo chake chote na anajiita meneja. Meneja wa nini? Wa mkasi?

Jumanne, 4 Juni

Nimechapisha kitabu cha kanuni. Kinene! Nilifika ukurasa wa nne nikasinzia juu ya suruali ya mtu. Bahati pasi ilikuwa haijashika moto.

Nikazunguka chumba. Nikakaa. Nikasimama. Ndipo likanijia.

Kichwa changu hakikai na kitu, lakini nguo inakaa! Nitaandika kanuni zote kwa herufi ndogo kwenye bitana ya koti. Ndani ya chumba cha mtihani nalifungua kidogo, kama mtu anayesikia joto, nasoma, nalifunga. Nani mwingine kati ya watahiniwa wote ana ujuzi huo? Kinyozi ataandika wapi? Kwenye upara wa mteja?

Shida ni koti. La harusi yangu halifungi tena. Lakini kwenye kamba ya kazi zilizokwisha kuna koti moja la kijivu, bitana nyeupe mpya, limenikaa utadhani nilipimwa mimi. Mwenyewe alikuja asubuhi kulichukua, kabla sijaamua chochote, na mdomo wangu kwa mazoea ukamwambia vifungo bado, aje kesho. Mdomo wangu una akili kuliko mimi.

Akasema ana kazi Jumamosi, ya kusimama mbele za watu, na huko kuna baridi. Nikamwambia aondoe shaka.

Jumatano, 5 Juni

Breki amesaini na mimi! Nyuma ya karatasi ya vipimo, chini ya kiuno cha mtu. Nilimshika akipita.

Mke wangu akafungua kitabu akaonyesha kwamba mkataba wa mtu asiye na leseni hauna nguvu yoyote. Nikamwambia amesoma vibaya. Akasoma tena, polepole. Breki akakunja karatasi akaitia chini ya bilauri yake ya maji.

Hata hivyo nimempa mke wangu kazi. Yeye anasoma kwa sauti, mimi naandika kwenye bitana. Anasoma vizuri, ila ana tabia ya kusimama na kufikiri. Kila kifungu lazima ajiulize kwa nini. Kwa nini wakala asisimamie mchezaji na timu inayomuuza kwa wakati mmoja? Akajijibu mwenyewe: kwa sababu hutampigania mtu huku umekaa upande wa anayemkamua. Nikamwambia asinipotezee muda na maana, nataka maneno tu.

Mwenye koti kaja. Nikamwambia aje kesho.

Mke wangu akasema kitu kuhusu yeye na Jumamosi na usajili. Nikamwambia sawa, sawa. Nilikuwa kwenye herufi ndogo mno, huwezi kuinua kichwa.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeenda kwa Kinyozi kupeleleza. Nikajifanya nataka kupunguza sharubu.

Kitabu cha kanuni kilikuwa wazi kwenye meza yake, kimebanwa kwa kibanio cha nywele. Anasoma huku ananyoa! Nikamuuliza, kama mtu asiyejali, amefika wapi. Akasema kifungu cha kumi na mbili. Mimi niko cha tisa! Nikashtuka, kichwa kikageuka, nusu ya sharubu ikaondoka. Nyingine ikabidi iifuate.

Naye si mjinga. Akauliza vidole vyangu vina wino wa nini. Nikasema chaki. Akauliza tangu lini chaki ikawa ya bluu. Nikamwambia afanye kazi yake.

Wakati natoka namkuta nani mlangoni? Breki! Anakuja kunyolewa bure. Nikamvuta pembeni nikamwambia nitamshonea suti. Akasema, shem, suti nashukuru, lakini mimi nataka mtu wa kunisomea mkataba neno kwa neno, maana mara ya mwisho nilisaini kukaa miaka miwili nikidhani ni miezi. Nikamwambia mtu huyo anamtazama usoni. Akanitazama usoni. Akauliza sharubu zimekwenda wapi.

Roho yangu iko juu juu. Nimeshona pindo moja mara tatu leo.

Ijumaa, 7 Juni

Imekwisha! Mikataba iko kifuani kushoto, malipo kifuani kulia, wachezaji wadogo kwenye mikono. Migogoro ilikosa nafasi, ikaenda mgongoni. Nitasomaje mgongo wangu mwenyewe? Nitajua huko huko.

Nilikuwa nimelivaa nikijaribu kufungua na kufunga bila kuonekana, mara sauti ya mwenye koti mlangoni! Nikaruka ndani ya pazia la kupimia. Mke wangu akamwambia fundi ametoka. Mimi sipumui. Kisha nikasikia mtu anasalimia chini, karibu na sakafu. Viatu vyangu vilikuwa vinaonekana! Akaviambia viatu kwamba kesho atapita alfajiri kabla ya kwenda kazini, na vimfikishie fundi salamu.

Alipoondoka, mke wangu akasema nimpe mtu koti lake, ni aibu. Nikamwambia Jumatatu atalipata likiwa na thamani zaidi.

Kesho naondoka nyumbani kabla ya alfajiri.

Jumamosi, 8 Juni

Nianzie wapi.

Nilifika chuoni wa kwanza. Chumba kina kompyuta safu nne na kiyoyozi cha kugonganisha meno. Nikashukuru koti. Kinyozi akaingia na kitabu chake kwapani, wazi kabisa, bila hata kukifunika! Nilimwonea huruma. Nikasema kimoyomoyo, maskini, atakamatwa mlangoni hapo hapo. Hakukamatwa. Wakaingia wengine. Wote wana vitabu.

Kisha akaingia mke wangu. Nikadhani nimesahau kitambulisho na ameniletea. Akanipita, akakaa safu ya mbele, akafungua kitabu chake mwenyewe. Ndipo nikaikumbuka ile sawa, sawa ya Jumatano.

Msimamizi akaingia. Shati tupu, mikono ameikumbatia kwa baridi. Akatangaza kwamba, kama ilivyoandikwa kwenye maelekezo, kila mtahiniwa anaruhusiwa kufungua kitabu cha kanuni wakati wote wa mtihani.

Anaruhusiwa!

Kitabu changu kiko nyumbani. Kimewekwa chini ya mguu mfupi wa meza ya cherehani ili isitikisike.

Sikupata hata nafasi ya kuugua, kwa sababu msimamizi alikuwa ananitazama. Si mimi hasa. Kola. Akaja taratibu kati ya viti mpaka akasimama mbele yangu, na mimi nikamwinulia uso usio na sharubu nikiomba asinitambue. Akauliza kwa upole kama vifungo sasa viko tayari.

Nikasema viko tayari.

Akasema basi angependa kulivaa.

Chumba kizima kiligeuka. Nikavua. Akavaa. Akajinyoosha mabega, akasema limekaa vizuri, ahsante fundi. Kisha akasema muda umeanza.

Saa nzima alitembea humo ndani na kanuni zangu. Swali la tatu, naona jibu linapita kifuani kwake. Swali la saba liko kwapani kushoto, nalijua, naliona kwa macho ya moyo, na yeye amefunga vifungo vyote! Nilivishona imara mno. Mke wangu anafungua kurasa bila haraka. Kinyozi anatafuta kifungu, kibanio kimeingia mdomoni. Mimi meno yanagongana.

Maswali yalikuwa ya kuchagua herufi, nikajibu yote herufi ya tatu. Lazima jibu la kweli liwe katikati katikati.

Jumatatu, 10 Juni

Mwenye koti kaja dukani. Sikuwahi pazia.

Akageuza bitana mezani. Akauliza hii ni nini. Nikasema ni mtindo. Akavaa miwani akaanza kusoma. Akasoma kifua chote, akasoma mikono, akageuza mgongo. Dakika ngapi sijui. Akasema mwandiko wangu ni safi kuliko kitabu chenyewe, ila kifungu cha tisa nimekosea.

Nikamwambia wazi naomba asinishtaki. Akasema anishtaki kwa lipi? Kitabu kiliruhusiwa. Kama ningebaki na koti mwilini ningeweza kusoma mbele yake. Anachotaka ni bitana mpya, na atakaa pale pale kwenye kiti mpaka iishe.

Akakaa. Ni mara ya kwanza maishani nimemaliza koti kwa siku moja.

Ijumaa, 14 Juni

Matokeo. Maswali ishirini, ya kufaulu ni kumi na tano.

Kinyozi saba! Saba! Mimi nane! Nimempita! Nilitoka barabarani nikamwonyesha vidole vinane kupitia kioo chake.

Mke wangu kumi na tisa.

Amesaini na Breki mezani kwangu, kati ya chaki na sindano, fomu halali, leseni ikiwa imetoka leo leo. Kabla ya hapo alimsomea neno kwa neno, kisha mkataba wa timu kubwa nao akausoma, akakuta mahali walipoandika kwamba mchezaji akiumia atajitibu mwenyewe. Akapiga simu. Hakupandisha sauti hata kidogo. Wakakifuta kifungu hicho. Breki alikuwa amekaa kwenye kigoda changu, mwanamume mzima yule, machozi yanamlenga.

Niliumia. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Niliumia sana, kwa sababu nilitaka yule mtu wa kwenye simu awe mimi. Na papo hapo nilitaka kumwambia kila anayepita barabarani kwamba yule ni mke wangu. Nilimwambia mmoja. Alikuwa ameulizia zipu.

Mama mkwe amesema naweza kuendelea kumwita mama. Si kwa jitihada zangu, akasisitiza.

Jumatatu, 17 Juni

Sijatulia. Naanza suruali naiacha, naanza nyingine. Mtihani ujao ni Desemba.

Safari hii nimekuwa mtu mzima. Nimesoma ukurasa wa maelekezo mara mbili, na umesema wazi: kitabu kinaruhusiwa. Basi Desemba nitaingia na kitabu kizima! Nitakishonea mfuko wa siri mgongoni, ndani ya bitana, ukubwa wake kamili, na tundu dogo la kupitishia mkono. Hakuna msimamizi atakayegundua.

Mke wangu akauliza kwa nini nikifiche kitu kinachoruhusiwa. Nikamwambia kwa heshima kwamba leseni anayo, lakini kazi hii bado hajaielewa. Akarudi kwenye simu yake. Wachezaji wawili wengine wanamtafuta. Mmoja ametumwa na Kinyozi!

Inatakiwa koti nene. Kwenye kamba kuna moja la kahawia, limenikaa vizuri ajabu. Ila safari hii sikurupuki. Mwenyewe alipokuja leo, kwanza nikamuuliza anafanya kazi gani. Akasema ni mlinzi wa lango pale chuoni, anakagua watu wanaoingia kufanya mitihani. Nikauliza anakagua nini. Akasema mifuko.

Mifuko tu! Makoti hagusi!

Nikamwambia vifungo bado, aje kesho. Kutoka leo hadi Desemba ni kesho chache tu.