Wajapani Wangu Hawachinji

Jumatatu, 5 Novemba 2007
Gemu mpya ya vita imefika saiba, pale kwenye kompyuta za kulipia! Ina Wajapani. Nimewachukua papo hapo. Samurai, ngome, panga! Jaydeep, kijana wa duka la rangi na misumari hapo mkabala, amechukua Wahindi na ndovu wao. Wacha ajifurahishe.

Kasoro moja. Wajapani wangu wana njaa, mbuzi wako pale, wanono, na hawachinji! Nimebofya hadi kidole kikauma. Wamaitha, mwenye saiba, ameniambia ndivyo walivyo: wanajenga kihekalu, wanyama wanalisha kando yake, chakula kinaingia chenyewe. Ati chenyewe! Mimi Kiprugut nimechunga tangu nikiwa na meno ya utoto. Mifugo bila mchungaji? Ng'o.

Jumanne, 6 Novemba
Jaydeep amenipiga mara mbili. Bahati tu. Halafu akatangaza kwamba jeshi langu ni wachungaji wenye panga. Saiba nzima ikacheka. Masikio yaliniwaka! Nimemwambia tukutane Jumamosi, kufa kupona. Yeye anaweka baiskeli yake ya gia, mimi naweka Kidevu.

Kidevu ni mbuzi niliyepewa na nyanya yangu, Gogo, nilipotoka jandoni. Nampenda kuliko binamu zangu kadhaa. Lakini nimepiga hesabu. Kwao Jaydeep hawali nyama, hata yai hawagusi. Mbuzi atampeleka wapi? Nikishindwa, ataniachia tu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake!

Ijumaa, 9 Novemba
Leo kwao ni Diwali. Nimeenda na salamu za sikukuu, nikamhimiza Jaydeep ale peremende zote na alipue fataki mpaka achoke kabisa. Mama yake, Mama Sudha, amesifu adabu yangu, akanipa sahani nzima ya laddu, zile peremende zao za mviringo. Nimekula zote. Tumbo linanguruma.

Jumamosi, 10 Novemba
Woi!

Jaydeep alikuja amelala vizuri, macho makavu. Mimi tumbo mkononi. Nilikuwa na samurai wazuri ajabu. Mara nikaona kulungu mmoja ameacha kihekalu, anaelekea mtoni. Nikatuma samurai amrudishe. Mbuzi naye akaondoka. Nikatuma wengine. Muda si muda jeshi lote liko nyasini linachunga, na ndovu wa Jaydeep wamefika ngomeni. Hawakukuta hata mtu wa kupigia hodi. Wamaitha alipiga kelele nirudishe askari. Nikamuuliza, wanyama wangebaki na nani? Ngome ikaanguka.

Nilimweleza Jaydeep kwa upole kwamba mbuzi atamsumbua bure. Akasema wala, mama yake ameshamtengea mahali. Kidevu akaondoka na kamba yake, hakugeuka hata mara moja! Nimelia chooni. Wacha niandike tu, nani atasoma?

Jumanne, 13 Novemba
Nimepita dukani. Kidevu yuko kando ya mlango, shingoni maua yaliyobaki ya Diwali, anatafuna kabichi. Wateja wanasimama kumshangaa, wanaingia, wanatoka na misumari. Biashara inaingia yenyewe! Mama Sudha amekataza mtu yeyote kumtajia kisu.

Kumbe Gogo naye alikuwa mjini kununua bawaba za lango la boma. Alimtambua Kidevu kwa alama ya sikio. Nikajificha nyuma ya mikebe ya rangi. Akanitambua kwa viatu. Hakunifokea, na hapo ndipo paliponiuma. Alimtemea Jaydeep mate ya baraka kifuani, akasema mbuzi huyu hatimaye amepata mchungaji. Mbele yangu! Gogo wangu mwenyewe!

Basi nimeomba marudiano Jumamosi. Kidevu lazima arudi nyumbani. Nimeweka redio ya baba. Baba hajaambiwa, na msimu huu wa kampeni haiachi hata akioga, lakini hiyo nitaitatua. Nachukua Wajapani tena. Kosa langu nimeshaliona: wachungaji walikuwa wachache.