Lori Namba Nne Halijatoka Getini

Ilitangazwa Jumatatu asubuhi, kwa kipaza sauti, mbele ya wafanyakazi waliopangwa kwa urefu, kwamba Idara ya Uchukuzi Mzito imemaliza kabisa tatizo la difu za malori, zile gia zinazozungusha magurudumu ya nyuma. Kamati ya Kuoanisha Oili za Gia ilikuwa imekaa siku kumi na moja. Ilikaa barabara, hata viti viwili vikavunjika.

Waraka wenye saini ya Mkurugenzi ulikuwa na mafungu mawili. La kwanza: oili yoyote inayonuka ni marufuku ndani ya eneo la Idara, iwe kwenye pipa, kwenye difu au kwenye mwili wa mtumishi. Wajumbe waliletewa sampuli sita kwenye visosi, wakanusa kwa zamu, na kwa kauli moja wakachagua ile nyepesi, ya rangi ya asali, isiyo na harufu, ambayo muuzaji aliwahakikishia kuwa inafaa sana kwa cherehani. La pili: oili ya difu itabadilishwa kila baada ya kilomita elfu arobaini, kadiri zitakavyothibitishwa na jalada la gari husika.

Fundi mkuu, mwanamke ambaye karakana nzima ilimwita Bi Sumaku, alinyoosha mkono mweusi hadi kiwikoni.

"Mheshimiwa, ule uvundo ndio dawa yenyewe. Lori likibeba tani thelathini, meno ya difu yanasagana. Dawa inayonuka ndiyo inayazuia yasilane. Hii ya cherehani inakwenda kushona nini huko chini?"

Mkurugenzi alitabasamu kama anayesimuliwa ndoto na mtoto. "Fundi, harufu si sera."

Makofi. Pipa la mwisho la oili nzito likabingirishwa nje ya ukuta wa Idara, likatiwa mnyororo na kufuli, likaandikiwa barua ya kuagwa.

Bi Sumaku hakuomboleza pipa. Hofu yake ilikuwa moja na ilikuwa na magurudumu kumi: lori namba nne. Dereva wake alikuwa mdogo wake wa mwisho, aliyemlea kwa kumbeba mgongoni. Wiki nzima lori lilikuwa likilia nyuma, wiii, wiii. Alhamisi akajilaza chini yake, akalegeza bolti ya kumwagia oili, akaitazama sumaku iliyo kwenye ncha yake. Unga laini wa chuma haumtishi fundi. Hapa palinasa vipande vikubwa kama kucha zilizokatwa, na oili ilikuwa nyeusi, inanuka kuungua.

"Dada, nimekwisha?" mdogo wake akachungulia.

"Wewe bado. Difu ndiyo inaandika wosia."

Akairudisha bolti, akaenda masjala. Karani, bwana nadhifu aliyepiga pasi hata leso ya kufutia kalamu, alifungua jalada.

"Lori namba nne. Kilomita sifuri."

"Sifuri? Miaka mitatu linapanda na kushuka!"

"Mita yake ilikufa siku lilipoletwa, na fomu zake za safari bado ziko njiani kuja kwangu. Kwa mujibu wa jalada, halijawahi kutoka getini. Oili yake ni mbichi."

"Nimeishika kwa mkono huu, bwana!"

"Mkono wako hauna namba ya kumbukumbu, mama."

Ikabaki ofisi ya Mkurugenzi. Naye alikuwa amepandishwa cheo, anahamia makao makuu ng'ambo ya kilima, na Jumamosi vitanda, makochi na jenereta yake vingepakiwa kwenye lori ambalo, kwa mujibu wa majalada, lilikuwa jipya kuliko yote. Namba nne. Yeye mwenyewe angekaa mbele, kulinda runinga.

"Mheshimiwa, nipe siku moja na lile pipa. Difu ikijifunga njiani, mdogo wangu ndiye yuko kwenye usukani."

"Na mimi nitakuwa pembeni yake. Unadhani difu inaweza kunigomea mimi?"

Jumamosi alfajiri Bi Sumaku alimshika mdogo wake kola. "Panda kilima kwa gia ya kwanza, kama umebeba mayai. Ikianza kunguruma, simama. Usimsikilize mtu, hata akiwa na tai."

Saa nne simu ya masjala ikalia. Bi Sumaku, aliyekuwa akirandaranda pale tangu geti lilipofunguliwa, aliinyakua kabla ya Karani.

"Mdogo wangu?"

"Yuko kivulini, anakula ndizi zangu!" ilifoka sauti ya Mkurugenzi. "Leteni lori jingine! Namba nne limekwama!"

Bi Sumaku akashusha pumzi za wiki nzima, akampa Karani simu.

"Mheshimiwa, namba nne liko uani," alisema Karani kwa heshima.

"Nimeliegemea!"

"Jalada linakataa. Siwezi kutuma msaada kwa gari ambalo halijatoka. Labda uje ujaze fomu ya safari. Hujazwa hapa dirishani, na mhusika mwenyewe."

Mhusika aliwasili saa tisa, kwa miguu. Alikuwa ameingia chini ya lori kuiamuru difu izunguke, nayo ikamjibu kwa oili nyeusi, kuanzia kwenye tai hadi kwenye soksi. Akapanga foleni.

"Fundi," akasema bila kumtazama Bi Sumaku, "nitaidhinisha lile pipa. Linalonuka."

"Oili peke yake haifui dafu tena, mheshimiwa. Meno yamesagika. Sasa nataka difu nzima, ndipo pipa."

"Vyote! Nipeni kalamu, nifute na ule waraka!"

Karani alikuwa ameshanyoosha kalamu. Pua yake ikacheza. Akairudisha kalamu mfukoni, akaugeuza waraka ili msomaji asipate taabu, akaweka kidole penye fungu la kwanza.

"Samahani sana, mheshimiwa. Mwili wa mtumishi."

"Lakini saini ni yangu!"

"Na ni nzuri mno. Tafadhali, nje ya ukuta."

Bi Sumaku hakuwa mtu wa kinyongo. Alimbebea kigoda mwenyewe, akamkalisha kando ya pipa lililofukuzwa, akakaza kifuniko chake vizuri. Hakutaka pipa lilalamike harufu.