Nani Anawalisha Samaki wa Masœur?

Rafiki zangu wawili wa Kamituga, leo nimejiaibisha mbele ya mtawa mmoja, mama mukwe wangu na samaki wawili. Samaki peke yao ndio hawakucheka. (Na hata hao sina hakika.)

Naandika haraka. Dereva wa lori anaondoka kesho asubuhi kuja kwenu, na nataka habari hii muipate kwangu kabla hamjaipata kwa watu.

Mnajua nafundisha jiografia, na mnajua sijawahi kuiona bahari. Miaka tisa natembeza fimbo juu ya ramani: hapa Atlantiki, hapa Pasifiki, watoto andikeni. Basi miezi sita iliyopita Masœur Godelieve, mtawa aliye mkuu wa shule yetu, aliniletea bahari nyumbani. Mwalimu mmoja mgeni aliyekuwa anarudi kwao Ulaya alimwachia sanduku la kioo lenye maji ya chumvi, kimashine cha kupuliza hewa, gunia la chumvi ya bahari na samaki wawili. Paa la maabara ya shule linavuja, kwa hiyo sanduku likaja kwangu mtaa wa Kadutu, sebuleni, karibu na dirisha.

Samaki wa buluu nikamwita Atlantiki. Yule wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, Pasifiki. Na hapo hapo nikapotea. Kimashine kinanguruma taratibu, mapovu yanapanda, mwanga wa ziwa unaingia dirishani na kutetemeka ukutani, na mimi siko tena Bukavu. Niko juu ya meli, nimevaa suti ya abacost nyeupe, upepo unanipiga usoni. (Nina abacost moja tu, na ni ya kahawia. Lakini huko huwa nyeupe.) Mke wangu Nsimire akiniita mara tatu bila jibu, anajua nimeshasafiri, anaendelea na kazi zake.

Sasa, bahari ya kioo ina ugonjwa wake. Chakula ambacho samaki hawakumaliza kinaoza, na uchafu wao vilevile, na mwishowe vyote vinageuka kitu kinachoitwa nitrati. Huioni. Haina harufu. Ikizidi, samaki wanadhoofika kidogo kidogo, mpaka siku unawakuta wanaelea. Kwa hiyo unachota maji katika kichupa, unatia matone ya dawa, unatikisa, unasubiri. Yakiwa ya manjano, jaune kama anavyosema Masœur, mshukuru Mungu. Yakiwa ya chungwa, jiangalie. Yakiwa mekundu, inabidi umwage sehemu ya tano ya maji ya sandukuni na kuweka mapya yaliyochanganywa na ile chumvi. Na ile chumvi inatoka Ulaya. Imebaki ya kubadilisha maji mara mbili tu.

Miezi mitano na nusu maji yalikuwa ya manjano, safi kabisa. Halafu, majuma mawili yaliyopita, mekundu! Nikabadilisha. Mekundu tena! Nikapunguza chakula mpaka punje chache tu asubuhi. Mekundu! Masœur akaniambia wazi: akija Jumamosi na kukuta bado mekundu, samaki watakwenda Bujumbura, kwa daktari mmoja mwenye sanduku kubwa na chumvi ya kutosha. Hakuna cha kujadili.

Jumamosi ni leo.

Nimeamka alfajiri. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa, kilima cha ng'ambo hakionekani, mji wote kimya. Nimetikisa kichupa nikiwa nimefumba macho. Nimefumbua. Chekundu kama nyanya! Nilikaribia kulia, nawaambia ukweli. Niliiona sebule ile bila mapovu, ukuta bila mwanga wa kutetemeka, na mimi na ramani yangu tu mpaka kustaafu.

Hapo mwalimu akaamka ndani yangu. Nikachukua karatasi ya miraba, nikachora. Siku chini, rangi pembeni. Mstari unatambaa chini miezi na miezi, kisha ghafla unapanda mlima. Ulianza kupanda siku gani? Nikaangalia vizuri. Siku ile ile mama mukwe alipoteremka kutoka kwenye boti ya kisiwa cha Idjwi, akaingia kwangu na kuku wawili na kikapu cha maharagwe!

Tena juu ya maji kulikuwa na mafuta. Mafuta ya mawese, yanang'aa. Na tangu aje, nani anapika humu ndani? Sayansi ilikuwa imesema.

Mnajua adabu yetu. Mimi na mama wa mke wangu hatuongeleshani ovyo, na hatuli mmoja mbele ya macho ya mwingine. Tangu afike, yeye anakula jikoni na binti yake, na mimi naletewa sahani sebuleni, peke yangu. (Lishikeni hili. Mimi, msomi, halikunijia akilini.) Kwa hiyo mahojiano yalipitia kwa Nsimire, ingawa tulikuwa sote watatu katika ua mmoja, hatua tatu baina yetu.

"Nsimire, uulize mama kama iko anapatiaka samaki chakula."

"Mama, baba ya batoto iko anauliza kama unapatiaka samaki chakula."

Mama mukwe alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Umwambie nimesikia, siko kiziwi. Umwambie kwetu Idjwi samaki njo inalishaka batu. Mutu wa kulisha samaki sijamuonaka. Na umuulize: miezi sita samaki iko ndani ya nyumba, munangojea nini?"

"Mama anasema..."

"Nimesikia," nikasema. "Umuulize tena: mafuta ya mawese mu mayi imetoka wapi?"

Nsimire akafuta mikono katika kitenge chake.

"Ile, utaiuliza weye mwenyewe," akasema, akaingia jikoni na chungu chake.

Mama mukwe aliendelea na maharagwe. Moja zuri huku, moja bovu kule. Nikaona ukimya huo ni wa mtu mwenye hatia. (Mungu anisamehe.)

Nikaenda salongo, kazi ya lazima ya mtaa, na jembe langu, kama kila Jumamosi. Nililima ukingo wa barabara huku nikitunga maneno ya kumwambia Masœur. Nilisema moyoni: Masœur, tatizo limejulikana, lina tiketi ya boti, siku kumi linarudi kwao, tupe siku kumi tu. (Niling'oa pia maua mawili ya mwananchi mwenzangu, citoyenne wa jirani. Nilidhani ni majani. Nilikuwa nimefika katikati ya Atlantiki.)

Saa sita nikarudi. Masœur alikuwa ameahidi kuja saa saba, nikajua nina muda. Nikaweka mchoro wangu mezani, pembeni ya sanduku. Nsimire akaniletea bugali, sombe ya majani ya muhogo na sahani ya sambaza, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga, akaondoka. Nikavuta kiti karibu na kioo, kama siku zote hizi za majuma mawili.

Sasa mnielewe. Jua la saa sita, mikono imechoka na jembe. Kimashine kinanguruma. Mapovu yanapanda, yanapanda, yanapasuka. Atlantiki akaja upande wangu, Pasifiki nyuma yake, wakasimama mbele ya kioo wakinitazama. Midomo inafunguka, inafunga. Inafunguka, inafunga.

Nikasafiri.

Meli ilikuwa nyeupe na mimi nilikuwa mweupe, abacost na yote. Maji ya buluu hayana mwisho, hayana ng'ambo, hayana kilima. Kapiteni akaniuliza, "Citoyen professeur, tuko bahari gani?" Nikamjibu bila ramani. Mabaharia wakapiga makofi. Tukakaa chini juu ya mbao za meli, zina joto la jua, na mimi nikafungua chakula nilichotoka nacho nyumbani. Walikuwa wengi na wana njaa, wananitazama. Nikawagawia, huyu kidogo, yule kidogo. Nikawafariji pia, maana walikuwa mbali na kwao. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile maishani mwangu.

Mtu akakohoa.

Nikageuka. Kwanza niliona kwamba mkono wangu wa kuume umelowa mpaka kwenye kiwiko. Kisha nikaona mlango. Walikuwa wamesimama pale watatu, bega kwa bega: Masœur Godelieve, Nsimire, na mama mukwe.

"Masœur," nikasema. "Mumefika saa ngapi?"

"Tangu sambaza ya kwanza," akajibu. "Sasa tuko ku sambaza ya ine."

"Na bugali," Nsimire akaongeza. "Amebatilia na bugali. Mara mbili. Alichovya kwanza mu sombe ya mawese!"

Nikautazama mkono wangu. Kati ya vidole kulikuwa na kichwa cha sambaza. Ndugu zangu, sikujua! Naapa mkono ulienda wenyewe. Tangu nilipokuwa mdogo marehemu mama alinifundisha kwamba kula mbele ya mtu bila kumkaribisha ni ushenzi. Na wale wawili walikuwa wananitazama, midomo inafunguka, inafunga. Mtu aliyelelewa vizuri angefanya nini?

"Tena uliongea," Masœur akasema polepole.

"Nilisema nini?"

Nsimire akaangalia dari. Masœur akaangalia viatu vyake. Ndipo mama mukwe akafungua kinywa, ametulia kabisa.

"Nsimire, umwambie mukwe wangu ile alisema. Alisema: 'Karibuni tukule, bandugu. Muvumilie tu. Ile mama akirudiaka Idjwi, mayi yenu itakuwa jaune.'"

Ningetaka ardhi ipasuke. Kadutu nzima ina mmomonyoko, kila mvua inameza njia, lakini leo, kwa ajili yangu, hakuna hata ufa!

Masœur alikunja mkono wa kanzu yake, akauingiza majini, akainua jiwe kubwa la nyuma. Chini yake kulikuwa na vichwa vya sambaza, visivyohesabika, na mabonge ya bugali yaliyoota nyuzi nyeupe, na maganda ya pilipili. Chakula changu cha mchana cha majuma mawili, chote kinaoza pale. Harufu ikajaa sebule. Kisha akauchukua mchoro wangu, akaweka kidole chenye maji pale mstari unapoanza kupanda.

"Na hii siku, ilikuwa siku gani?"

Nikasoma tarehe chini ya kidole chake.

"Siku nilianza kulia chakula hapa."

Mama mukwe akacheka. Si sana. Kicheko kimoja tu, cha puani. Lakini Nsimire alishindwa, akaenda kuangukia ukuta wa ua, na jirani wa maua akaja kuuliza kuna nini.

Nikauliza swali nililokuwa nalo tangu alfajiri. "Wanaenda Bujumbura?"

Masœur alinawa mkono taratibu, akawatazama samaki, akanitazama mimi. Nadhani aliona macho yangu.

"Batabakia. Hii mayi imeharibika juu ya roho yako muzuri. Lakini weye, citoyen, hutabapatia tena hata punje." Akachukua kopo la chakula cha samaki, akalitia mikononi mwa mama mukwe. "Mama, njo weye utashika hii. Kidogo asubui, basi. Mupaka mayi irudie jaune."

"Inaweza kuchukua muda gani?" nikauliza.

"Mwezi. Labda miwili."

Mama mukwe alilitikisa kopo karibu na sikio, akasikia limejaa, akalifunga katika pindo la kitenge chake.

"Nsimire," akasema, "umwambie mukwe wangu sina haraka."

Jioni hii tumetoa uchafu wote na kubadilisha maji. Chumvi imebaki ya mara moja. Nimepima, ni rangi ya chungwa, na nimefurahi mpaka nimejikuta naimba. Atlantiki na Pasifiki wanaogelea. Sahani yangu imehamishiwa nyuma ya nyumba, kiti kimegeuzwa kuelekea ukuta, kwa amri.

Nawaomba msicheke. Na siku mkifika Bukavu kunisalimia, mle njiani kabla ya kuingia sebuleni.