Tarumbeta la Kushoto

Jumanne, 4 Machi

Nimebadilisha baiskeli yangu kwa Mashine. Ni kicheza muziki cha mfukoni, ingawa mfuko wenyewe lazima uwe wa koti zito, maana kina uzito wa tofali. Hakipigi simu. Hakipigi picha. Kinacheza muziki tu, na muuzaji ameapa kuwa kinaucheza kama ulivyozaliwa. Kina kitufe cha rangi ya dhahabu, na hedifoni za waya zinazomeza masikio mpaka shavuni.

Mke wangu aliuliza nitakwenda kazini na nini. Nikamjibu kwamba kwa miguu: dakika arobaini kwenda, arobaini kurudi, zote za kusikiliza. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa mpango. Jumapili baba mkwe anatimiza miaka sabini na mitano. Kila mwaka nashindana kwa zawadi na mwanyumba wangu, mwalimu wa kemia aliyemwoa dada yake mke wangu. Mwaka jana alileta kiti kinacholala. Mimi nilileta mwavuli uliofyatuka mezani ukavunja taa. Mwaka huu atakiona cha mtema kuni.

Jumatano, 5 Machi

Muuzaji alisema hedifoni mpya hupashwa moto saa mia moja ndipo zitoe sauti yake halisi. Nikazianika juani tangu asubuhi. Kufika saa sita, sponji ya sikio la kulia imelainika kama mshumaa. Nikazipeleka kwa Fundi Redio wa pale kona. Alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Akanieleza kuwa kupasha moto ni kuziacha zipige muziki, si kuzichoma. Nikamwambia najua, nilikuwa nafanya jaribio. Akabandika sponji nyingine, ya kijani. Inanipendeza.

Halafu muziki wenyewe! Njiani kwenda kazini mchana huo nilisikia mwimbaji akivuta pumzi, ukucha wa mpiga gitaa ukikwaruza uzi, na kwa mbali kiti kikilia. Wimbo ule nimeusikia miaka yote. Sikujua una kiti.

Sikusikia mlango wa kioo wa duka letu la mapazia. Niliupiga kwa paji la uso. Mama Mapazia, bosi wangu, aliufuta mlango kwanza, ndipo akaniuliza kama nimeumia.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepima dirisha la daktari wa meno nikiwa na Mashine masikioni. Mtu mwenye akili hufanya mawili kwa mpigo. Daktari alisema anataka pazia lifike begani. Niliona ajabu kidogo, lakini wataalamu wana mambo yao. Nikaandika: begani.

Zawadi inaiva. Zamani baba mkwe alipiga tarumbeta la kwanza katika bendi ya kiwanda cha nguo. Bendi ilirekodi wimbo mmoja tu, na katika ubeti wa tatu tarumbeta moja linapasuka, linakoroma kama jogoo mwenye mafua. Redio ikaurusha hivyo hivyo, mji mzima ukacheka. Mzee amesema siku zote kosa lile ni la Kifua, aliyepiga tarumbeta la pili, rafiki yake wa kufa na kuzikana. Hawajasemezana miaka thelathini na mmoja.

Mama mkwe alikuwa bado ameificha kanda ya wimbo huo. Nimempelekea Fundi Redio auhamishie wimbo kwenye Mashine. Mzee atasikia ujana wake kama yumo ndani.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi Redio amemaliza, lakini alikuwa mzito kunikabidhi. Alisema ameusikiliza wimbo mara mbili, na angekuwa mimi, angempa mzee wimbo mwingine.

"Kwenye redio ndogo sauti zote hutoka tundu moja," aliniambia. "Humu kila mtu anasikika pale aliposimama."

Nikamjibu kuwa ndiyo raha yenyewe. Akasema haya, mimi simo. Wivu wa fundi.

Pazia la daktari limetundikwa. Kumbe alisema sakafuni. Wapita njia wote sasa wanaviona vinywa vya wagonjwa, na wawili walisimama kutoa ushauri. Mama Mapazia ameamua nishone jingine Jumatatu, bila waya wowote kichwani.

Jumapili, 9 Machi

Mwanyumba alileta beseni la umeme la kukanda miguu. Mzee alishukuru. Beseni!

Zamu yangu ikafika. Nilimvika mzee hedifoni mwenyewe, nikabonyeza. Akafumba macho. Vidole vyake vikaanza kubonyeza goti kana kwamba ameshika tarumbeta, akatabasamu kama kijana. Nikamkonyeza mwanyumba.

Ukaja ubeti wa tatu. Vidole vikasimama. Akaniashiria nirudishe. Nikarudisha. Akaashiria tena. Mara ya tatu alivua hedifoni taratibu, akaziweka mapajani.

"Mimi nilisimama kushoto," alisema.

Mama mkwe akamuuliza kushoto kwa nani.

"Kushoto kwa maikrofoni. Kifua alikuwa kulia. Kosa limetoka kushoto."

Akaenda chumbani, akajifungia. Keki haikukatwa. Shemeji yangu alilia. Mwanyumba alinipa mkono, akaniambia hongera kwa namna ambayo sikuipenda. Mke wangu hakunisemesha njia nzima, na ni njia ndefu kwa miguu.

Ila hakuna atakayekana kwamba zawadi imemgusa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeshinda nikishona pazia la daktari, kwa hiyo haya nimeyapata kwa mke wangu.

Asubuhi mzee alimwomba mwanyumba ampeleke kwa Kifua kwa gari. Hakuchukua kitu ila Mashine. Kifua akafungua mlango mwenyewe. Mzee hata hakusalimia. Alimvika hedifoni pale pale kizingitini. Kifua akasikiliza mpaka mwisho, akazivua, akasema hakuhitaji mashine. Alijua tangu siku ile ile, maana alikuwa amesimama pembeni yake.

Mzee akamuuliza mbona hakusema.

"Ningesema, nani angeliamini tarumbeta la pili?"

Mke wangu anasema baba yake alisimama tu, machozi yanamtiririka, mpaka Kifua akamshika mkono wa shati akamvuta ndani. Walikaa mpaka chai ikapoa mara mbili.

Kisha nikasikia kwamba ukoo mzima unamshukuru mwanyumba. Kwa kuendesha gari!

Jumatano, 12 Machi

Mzee na Kifua watapiga wimbo ule Jumamosi, sebuleni kwa mzee, ubeti wa tatu ukiwemo. Mashine mzee ameing'ang'ania, sitaiona tena. Sijali. Sikio langu limeshahitimu.

Jana niliwatembelea mazoezini. Niliwaeleza kwa heshima kwamba matarumbeta mawili yanaacha pengo katikati. Wote wawili walisema hawalisikii. Wazee wana haya, hawapendi kuomba msaada.

Nimeazima tarumbeta. Midomo imevimba kidogo. Mke wangu amehamia kwa dada yake mpaka Jumapili, na jirani amekuja kuuliza kama kuna ng'ombe anayezaa.

Mzee amenieleza kwa upole kwamba humchukua mtu miaka mitatu kutoa sauti inayoeleweka. Huyo ni mtu wa kawaida. Mimi nina siku tatu nzima.